Albamu Ndiyo Tamasha Letu

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 3 Septemba 2021, Nairobi ilikuwa bado chini ya kafyu. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri hukuruhusiwa kuonekana barabarani bila kibali, na Jogoo Road, ambayo siku zote huvuma hadi usiku wa manane, ilinyamaza kabisa. Tulikuwa wanne nyumbani kwa rafiki yangu, mtaa wa Buruburu. Tulifika kabla ya giza tukijua kwamba tukishaingia, hakuna kutoka hadi kupambazuke. Ilipogonga saa sita, mwenye nyumba alibonyeza simu iliyounganishwa na spika aliyoinunua Luthuli Avenue, na ngoma za mwanzo za Senjutsu, albamu ya 17 ya Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, zikadunda pale sebuleni. Sauti tuliipunguza kwa ajili ya majirani. Kwa dakika zaidi ya 80 hakuna aliyesema neno, isipokuwa mmoja wetu aliyetamka jina la Mungu gitaa la Adrian Smith lilipoingia.

Saa ile London ilikuwa bado saa nne ya usiku. New York hata jua halijazama. Tangu Julai 2015 albamu mpya duniani kote hutoka siku ya Ijumaa, na huduma za muziki wa intaneti huzifungua saa sita ya usiku kwa saa za kila nchi. Kwa hiyo sisi wa Nairobi tuliisikia albamu ile saa mbili kabla ya watu wa London mashariki, mahali Steve Harris alipoiunda bendi hiyo siku ya Krismasi ya 1975. Kwa miaka mingi tulikuwa wa mwisho kupata chochote. Usiku ule tulikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Tangu hapo tunasubiri. Na kila ninapozungumza na wenzangu juu ya kusubiri huku, nasikia tofauti kubwa kati yetu na mashabiki wa Ulaya na Marekani, tofauti ambayo haielezwi vya kutosha. Wao wakisubiri albamu, wanasubiri kimoja kati ya vitu viwili. Albamu ikichelewa, bendi itakuja mjini kwao, watasimama uwanjani na maelfu ya wenzao na kuimba hadi sauti ikauke. Sisi cha pili hatuna. Iron Maiden hawajawahi kupiga Nairobi. Walipofika upande wetu wa dunia mwaka 2016, wakiwa na ile Boeing 747 iliyorushwa na mwimbaji wao mwenyewe, Bruce Dickinson, walipiga Johannesburg na Cape Town. Rafiki yangu mmoja alikaa na kalamu akajumlisha nauli, malazi na tiketi, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Kwetu albamu ndiyo tamasha lenyewe. Ikichelewa, kinachochelewa ni kila kitu.

Tuangalie sababu ya kuchelewa, maana watu huidhania kuwa uzee tu. Kati ya 1980 na 1984 bendi hii ilitoa albamu tano, moja kila mwaka. Kati ya albamu ya mwaka 2010 na iliyoifuata ilipita miaka mitano. Kutoka hapo hadi Senjutsu, sita. Uzee umo, lakini hesabu ya fedha imo zaidi. Zamani bendi ilizunguka ili iuze sahani na kanda, na mapato makubwa yalikuwa kwenye duka la muziki. CD zilipoacha kununuliwa, mambo yakapinduka: sasa fedha iko mlangoni mwa uwanja na kwenye meza ya tisheti, na albamu imekuwa sababu ya kutangaza ziara. Na hata sababu hiyo si ya lazima tena. Ziara ya kuadhimisha miaka 50, iliyoanza Budapest Mei 2025, ilijengwa kwa nyimbo za albamu tisa za kwanza peke yake, zile za 1980 hadi 1992. Viwanja vilijaa. Meneja yeyote akiona hivyo atajiuliza: kwa nini niwafungie wanamuziki studio miezi kadhaa, na watu wanalipa kusikia walichokwisha kukirekodi?

Siwalaumu wanaofanya biashara. Ila hesabu hiyo inapigwa mahali ambapo shabiki wa Nairobi hahesabiwi. Tiketi hatununui kwa kuwa hakuna pa kuinunua. Tisheti zetu nyingi zimetoka masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, na senti haijafika kwa bendi, kwa sababu zilikwisha kununuliwa mara ya kwanza na mtu wa mbali aliyezichoka. Ya kwanza niliyopata niliichomoa kwenye rundo asubuhi ya Jumamosi, mama muuzaji akaniambia, “Kastoma, hiyo ya mafuvu hakuna mtu anaitaka, leta mia moja uende nayo.” Ilikuwa ya ziara ya Ulaya, na mgongoni imeorodheshwa miji ambayo sikuijua. Nilisoma majina yale kama mtoto anavyosoma ramani.

Tisheti hiyo ilinifundisha jambo jingine. Mama yangu alikuwa akiifua, lakini kabla ya kuianika aliigeuza ndani nje, ili majirani wa ploti wasimwone Eddie, lile fuvu ambalo hupamba kila jalada la Iron Maiden. Hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa ameishi miaka ambayo nchi nzima ilizungumza habari za kuabudu shetani, hata mwaka 1994 Rais Moi akaunda tume ya kuchunguza jambo hilo chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Katika hali ile, kijana mwenye fuvu kifuani alikuwa anamletea mzazi maswali kanisani. Mashabiki wa rika langu tulijifunza kusikiliza kwa siri, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa. Nafikiri ndiyo maana tunasikiliza kwa makini namna hii hadi leo. Muziki ulioupata kwa shida huuachi upite kama redio ya matatu.

Na shida yenyewe imekuwa ikibadilika kila albamu. Ya Agosti 2006 niliipata Krismasi, binamu yangu aliporudi kutoka Uingereza na CD ameifunga ndani ya soksi. Kwa miezi minne nilikuwa nimesoma habari zake na sijasikia hata noti moja. Ya 2010 ilinikuta saiba ya mjini, shilingi moja kwa dakika, mwaka mmoja tu baada ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa. Niliishusha wimbo mmoja mmoja, nikamlipa kijana wa kaunta zaidi ya nauli yangu ya kurudi nyumbani, nikatembea. Ya 2015 ilizunguka kwenye flashi, mkono kwa mkono, hata sijui ni nani aliyeinunua. Spotify ilipofunguliwa Kenya Februari 2021, ilikuwa imebaki miezi sita hivi tu tufike usiku ule wa Buruburu. Katika miaka 15 njia ya kuifikia albamu imefupika kutoka miezi minne hadi sekunde mbili, huku bendi yenyewe ikirefusha muda wa kuitengeneza. Ukipima hivyo, tumebaki palepale: bado tunasubiri, ila sasa tunasubiri waipige, zamani tulisubiri ifike.

Kuna wanaosema wazee hawa wapumzike. Hoja yao ina uzito na sitaipuuza. Harris alizaliwa 1956, Dickinson 1958. Dickinson alipatikana na saratani nyuma ya ulimi, akatibiwa mwanzoni mwa 2015, na nyimbo za The Book of Souls, ile albamu ya 2015, alikuwa ameshaziimba mwishoni mwa 2014 uvimbe ukiwa ndani. Nicko McBrain, aliyepiga ngoma katika albamu 14 mfululizo kuanzia 1983, alipatwa na kiharusi kidogo Januari 2023. Alijizoeza upya mikono, akarudi jukwaani mwaka uleule, na tarehe 7 Desemba 2024, mjini São Paulo, akaaga ziara. Anayeupenda muziki huu akisikia habari hizo, moyo humwambia awaachie waende zao, wameshatoa vya kutosha.

Lakini nikiwasikiliza wakongwe wengine, moyo huo unabadilika. Judas Priest wa Birmingham, bendi ya tangu 1969, walitoa Invincible Shield Machi 2024. Mwimbaji wao, Rob Halford, alikuwa na miaka 72. Mpiga gitaa wao, Glenn Tipton, ana ugonjwa wa Parkinson, na bado jina lake limo katika utunzi. Albamu ile haina harufu ya dawa. Ina kasi, ina hasira, ina magitaa mawili yanayofukuzana kama vijana wa mtaani. Na Black Sabbath, walioanza kila kitu katika muziki huu, walikaa miaka 35 bila albamu ya studio yenye sauti ya Ozzy Osbourne, kuanzia 1978 hadi 2013. Ilipotoka, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Tarehe 5 Julai 2025 walipiga tamasha la kuagana katika uwanja wa Villa Park, kwao Birmingham. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki.

Nimelifikiria sana jambo hilo la siku 17. Waliokuwa Villa Park wana kumbukumbu ya jukwaa. Mimi nina nini? Nina ile albamu ya 2013, na ninashukuru kwamba kuna mtu aliyewaingiza wale wazee studio, pamoja na maumivu yao na ugomvi wao wote. Wangetosheka na ziara za nyimbo za zamani, mtu wa Nairobi asingebaki na kitu kipya hata kimoja cha miaka yao ya mwisho. Ziara huondoka na waliokuwepo. Kilichorekodiwa hunifikia.

Kwa hiyo nasema waziwazi: naitaka albamu ya 18, na naitaka hata kama haitakuwa bora kuliko zilizotangulia. Sitaki irudie 1982. Wale wanaodai irudie sauti ya ujana wamekwisha kupata walichotaka, wanacho rafu nzima. Ninachotaka kusikia ni binadamu wenye umri wa babu yangu wakieleza dunia inavyoonekana kutoka walipo. Mwaka 2006 bendi hii ilizunguka ikipiga albamu mpya yote kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, watu wakanung'unika kwamba wanataka za zamani, na bado ikaendelea. Ujasiri huo ndio ninaouomba tena.

Lawama pia ninayo. Tangu mwaka 2000 wamerekodi na mtayarishaji mmoja, Kevin Shirley, na albamu za karibuni zina sauti iliyobanwa, kama magitaa matatu yamewekwa chini ya blanketi moja. Katika spika nzuri unavumilia. Katika spika za masikioni za bei ya barabarani, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, besi ya Harris inagonga lakini magitaa yanachanganyika usijue nani ni nani. Pia ule mtindo wa kuanza wimbo kwa besi ya taratibu, kimya, kisha mlipuko, umetumika hadi msikilizaji anajua sekunde ya mlipuko kabla haujafika. Mtayarishaji mpya angewatikisa. Na sasa kwa kuwa McBrain ameacha ziara na Simon Dawson amekalia kiti cha ngoma jukwaani, swali la nani atapiga ngoma studio litabadilisha zaidi ya mdundo. McBrain alikuwa akiipiga ngoma nyuma kidogo ya besi, akiuvuta wimbo kama mtu anayemshika farasi hatamu. Akija mwenye kusukuma mbele, bendi nzima itatembea tofauti. Wengine wanaliogopa hilo. Mimi nalisubiri kwa hamu.

Katika lawama zinazotolewa, iko moja ambayo siikubali kabisa: kwamba nyimbo zao ni ndefu mno. The Book of Souls inachukua dakika 92, na wimbo wake wa mwisho ni wa dakika 18, unaosimulia safari ya R101, chombo cha angani cha Uingereza kilichoanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, tarehe 5 Oktoba 1930 na kuua watu 48. Wachambuzi wa ng'ambo waliandika juu ya urefu huo kana kwamba ni kosa. Kwa sikio lililolelewa na Kiswahili, kosa liko wapi? Sisi tuna utenzi. Tunajua kisa cha vita au cha safari kinaweza kwenda beti mia kadhaa, mizani nane kwa nane, na kwamba msikilizaji hachoki kwa sababu kina cha mwisho kinarudi kila ubeti kumshika mkono. Sikiliza wimbo ule wa R101 kwa sikio hilo. Piano inafungua kama dua ya mwanzo wa utenzi, kisha chombo kinasifiwa, kisha dalili mbaya, kisha dhoruba, kisha maombolezo. Mpangilio huo mzee wa Lamu angeutambua bila kujua neno moja la Kiingereza.

Niliwahi kumchezea mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, jirani yetu, mtu wa Pwani aliyehamia Nairobi zamani. Nilimtafsiria nikisimamisha kila sehemu. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. “Mwanangu,” akaniambia, “hawa wanapiga kelele, lakini wanajua kughani.” Sijapata kusoma uchambuzi wa muziki huu ulionigusa kuliko maneno hayo.

Wapo pia wanaoniuliza kwa nini niwasubiri Waingereza, hali Nairobi ina bendi zake. Swali lina haki yake, ila linadhani kwamba masikio hugawanywa kama ugali, ukimpa huyu unamnyima yule. Nilivyoona mimi ni kinyume. Waliokuwa wakibadilishana flashi mwaka 2015 ndio haohao waliokuwa wakilipa mlangoni kuwaona Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na Seeds of Datura. Kukosa tamasha la wakongwe kuliwafanya vijana hawa wajitengenezee la kwao, kwa vikuza sauti vya kukodi na ngoma za kuazima. Kisha wakaja Duma, vijana wawili, na albamu yao ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikafika masikioni mwa watu wa Ulaya waliokuwa hawajui kwamba Nairobi kuna hevi metali. Mmoja wao, Lord Spikeheart, ametoa albamu yake peke yake mwaka 2024. Huo si muziki wa kuiga. Magitaa yake yamesagwa na mashine hadi huwezi kuyatambua, na Steve Harris akiusikia pengine atashangaa. Lakini bila miaka ile ya kusikiliza mlango umefungwa, sidhani kwamba mji huu ungekuwa na watu wa kuuelewa.

Wale wanne wa Buruburu tumetawanyika. Mwenye nyumba amehamia Ruiru, na spika ameiweka juu ya kabati, ameifunika kitambaa. Mimi niko palepale Eastlands. Wa tatu ana mtoto mchanga na ameshatuambia kwamba sauti itakuwa ndogo kuliko hata usiku wa kafyu. Wa nne, yule aliyetaja jina la Mungu, alipata kazi ya ulinzi Doha. Tulipoagana uwanja wa ndege alisema kinachomuuma ni kwamba albamu ikitoka ataisikia peke yake, katika chumba cha watu sita waliolala. Juzi alinipigia simu saa za mapumziko, sauti imechangamka. Alikuwa ameangalia saa ya ukutani ya kazini na ya simu aliyoiacha kwenye majira ya nyumbani, akagundua kitu ambacho sote hatukuwa tumekifikiria: Doha na Nairobi ziko kwenye saa moja. Saa sita yake ndiyo saa sita yetu. Tumekubaliana kwamba siku hiyo ikifika atatoka nje ya bweni, akae kwenye ngazi, na kila mmoja wetu atabonyeza alipo.